Ekseli Isiyooshwa

Agosti 24

Presha 150 kwa 95. Daktari wa mjini Telavi ameniagiza niandike presha kila asubuhi kwenye daftari, niache mvinyo, chumvi na hasira. Nimeanza na daftari kwa kuwa ndilo jepesi. Taliko, mke wangu, anasema daftari zima kwa tarakimu mbili ni israfu, niandike humo humo na kazi za gereji, maana nina ugonjwa wa kumwahidi kila mteja Jumanne.

Haya. Mimi ni Shete, fundi wa magari hapa Alvani, pale lami inapokata tamaa na njia ya mlimani inapoanza. Miaka hamsini na minne, kitambi cha watu wawili, magoti yanayolia kama mlango wa kanisa. Kuchomelea vyuma nachomelea, ila mshono wangu si wa kuonyesha wageni: umekaa kama nyayo za kuku aliyepita kwenye unga. Bonde zima wanautania. Mimi hujibu neno moja: unashika.

Agosti 26

155 kwa 95. Wingu limekaa juu ya kilele cha Abano. Huku chini joto. Nimekula chumvi.

Agosti 30

Torgwa ameletwa akivutwa na trekta, yeye mwenyewe akiwa amekaa nyuma ya usukani kwa heshima zote kama bwana harusi. Uaz yake, jipu la Kirusi, ameiinua juu mno: springi kaziongezea majani, matairi kayatoa kwenye gari la kuvutia mizinga, hata Taliko akitaka kupanda anahitaji stuli na maombi. Jana aliivusha mto mahali ambapo hata ng'ombe hushauriana kwanza. Jiwe likaipokea. Ekseli ya nyuma imepinda kama upinde, na hafshafti moja, chuma kinachozungusha gurudumu, imekatika ndani kama mwanzi.

"Itachukua muda gani, fundi?"

"Jumanne."

"Ya mwaka gani?"

Tungecheka zaidi kama si zile ndevu. Torgwa hajanyoa tangu Oktoba iliyopita, siku gari la kaka yake Imeda lilipotumbukia korongoni kwenye kona ya kumi na tisa. Kwetu, mtu akitimiza mwaka kaburini, farasi wake hutandikwa na kushindanishwa mbio huko juu kijijini kwao. Ndipo ndugu hunyoa, mjane huvua kitambaa cheusi, na marehemu huachwa apumzike. Imeda hakuwa na farasi. Alikuwa na Uaz, pacha wa hii ya mdogo wake.

Tarehe tano Oktoba Torgwa lazima awe Shenako, kijijini kwao, yeye na mjane na mtoto na vyakula vya karamu. Siku chache baadaye theluji hufunga njia mpaka Mei. Na gari ndilo hili hapa, halina kiuno.

Septemba 2

160 kwa 95. Makvala, mjane wa Imeda, amekuja gerejini. Nilijua ni yeye kabla sijageuka: mbwa wangu, anayembwekea hata padri, alinyamaza.

Torgwa alikuwa ameshapiga simu kila mahali akitafuta ekseli, akapata ahadi tupu. Makvala alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akageukia kwangu. "Shemeji, chukueni ya Imeda. Ipo uani kwangu chini ya turubai, pamoja na mabaki mengine. Bodi ilipondeka, yenyewe haikupinda." Akaongeza taratibu, "Hakuwa na farasi. Basi hiyo ndiyo itakayopanda."

Torgwa alimbusu mkono. Wakakubaliana wao wawili, mimi nikiwa nimesimama na spana kama mshenga aliyesahauliwa, kwamba ekseli isifunguliwe wala isioshwe. Tope lililoigandia ni la safari yake ya mwisho. Litadondoka lenyewe huko huko juu. Nilisema fundi hufunga kitu alichokiona. Torgwa akashika ndevu zake.

"Mimi sijaguswa na wembe mwaka mzima, kaka Shete. Na yenyewe isiguswe na maji."

Ningeweza kubishana. Nilisema sawa. Nadhani nilisema upesi kidogo.

Ekseli hiyo naijua. Mwaka jana niliwahi kuigusa. Kazi ndogo.

Septemba 5

Tumeitoa kwenye mabaki. Ua wa Makvala umefagiliwa kila mahali isipokuwa chini ya lile turubai. Ndani ya bodi bado kuna vigae vya chupa kubwa za mvinyo alizokuwa akiwapelekea watu wa juu. Ndizo zilizomhukumu. Waliomtoa korongoni walisema alinuka mvinyo kama pipa, na toka siku hiyo habari ikawa imekwisha: Imeda alisimama kwenye kila jiwe la kumbukumbu njiani, akawanywea wote waliokufa, akaenda kuungana nao.

Pale matangani watu walisema hivyo kwa sauti ya chini. Mimi nilitikisa kichwa pamoja nao. Sikumbuki kama niliulizwa.

Septemba 8

155 kwa 100. Leo tumeifunga. Siku nzima, na mgongo wangu umeandika barua ya kuacha kazi.

Gari tulilipandisha kwa jeki mbili, tukaliegemeza kwenye magogo ya mwaloni. Tukatoa magurudumu, tukakata mpira wa breki uliogoma, tukafungua propela, shafti inayozungusha ekseli, kisha zile yubolti nne zinazoifunga ekseli kwenye springi. Mbili zilitoka kwa spana, moja kwa moto, ya nne kwa matusi ya Torgwa, ambayo ni ya ukoo na hayaandikiki. Ekseli iliyopinda tuliishusha, tukaibingirisha nje juu ya vipande vya bomba. Ya Imeda tukaiingiza kwa njia hiyo hiyo. Torgwa aliniuliza kama kitambi changu kinaweza kutumika badala ya jeki. Nikamwambia kina dhamana, kisijaribiwe.

Gari lililoinuliwa lina dhambi yake: propela inashuka kwa mteremko mkali, viungo vyake vinasagika. Kwa hiyo nilikata kabari mbili za chuma, nikazipachika kati ya springi na ekseli ili pua ya difu, tumbo la gia katikati ya ekseli, itazame juu kidogo. Nikaweka viatu vipya vya breki, nikatoa hewa kwenye mabomba. Nikapima kwa kamba kutoka gurudumu la mbele hadi la nyuma, kulia na kushoto: tofauti haifiki unene wa kidole. Nilifurahi kuliko ilivyostahili. Kamba hupima unyoofu tu.

Ncha mbili nilizisugua, na mahali springi inapokalia, maana bila hivyo bolti hazikai. Katikati, pale bomba linapoingia kwenye tumbo la difu, tope limeshikamana nene kama mkate, na jani la nyasi limechomoza humo. Nilikuwa na brashi ya waya mkononi. Torgwa alikuwa upande wa pili anakaza bolti, hakuwa ananiona.

Niliiweka brashi chini.

Septemba 9

160 kwa 100. Torgwa amelijaribu gari hadi daraja la pili na kurudi, tupu. Limetembea vizuri. Aliniletea jibini la kondoo la kilo tatu. Chumvi tupu.

Septemba 13

Torgwa alipita kunisalimu. Alipoondoka, palikuwa na tone la oili sakafuni, ukubwa wa kifungo cha shati. Sili, pete ya mpira inayozuia oili, imekauka kwa kukaa mwaka mzima bila kazi. Jambo la kawaida.

Septemba 14

165 kwa 100. Leo jirani anavuna zabibu. Mvua ya manyunyu. Alinikaribisha mezani, nikasingizia daktari. Taliko akaniangalia kama mtu aliyemwona paka akikataa samaki.

Septemba 16

Mvua.

Septemba 17

Mvua. Wachungaji wa kwanza wameteremsha kondoo, wiki moja kabla ya kawaida yao. Nilimuuliza mmoja kulikoni. Akasema kondoo ndio waliotaka.

Septemba 20

160 kwa 105. Torgwa alikwenda nusu ya njia kupeleka unga na mbao za meza za karamu. Amerudi salama, ila anasema gari likiwa na mzigo linavuta kushoto. Si sana, kama farasi anayetamani nyasi za kando ya njia. Likiwa tupu limenyooka.

Nilimwambia ni upepo wa matairi. Nikaujaza. Alinishukuru.

Alipoondoka nilitazama sakafuni. Doa ni la ukubwa wa kisosi.

Septemba 22

Taliko amerudi dukani na maneno. Binamu za Imeda wanasema hawatatoa farasi wao kushindana kwa ajili ya mtu aliyejiua kwa kikombe. Mbio ni za wanaume, si za walevi. Makvala alikuwepo, anapima sukari. Hakugombana. Alisema tu kwamba Imeda hakuonja hata tone tangu mtoto wao abatizwe, miaka mitatu. Kwamba kwenye mawe ya kumbukumbu alikuwa akiwamwagia wafu fungu lao chini na kulamba kidole. Watu wakainama kutazama viatu vyao.

"Maskini," Taliko aliniambia, "mjane husema lolote."

Nilikuwa na kipande cha jibini mdomoni. Nilikitafuna muda mrefu sana.

Septemba 27

170 kwa 105. Asubuhi Abano ilikuwa nyeupe hadi kifuani. Madereva watatu walipita hapa, wote wakiniuliza minyororo ya matairi, wote wakisema mwaka huu njia itafungwa mapema.

Torgwa alilala na gari hapa kwangu kwa sababu ya mafuriko ya kijito chao. Niliweka sahani chini ya difu. Asubuhi oili ilikuwa imefunika ua lililochorwa katikati ya sahani.

Sili haivuji hivyo. Na haivuji hapo. Sili iko mbele, puani. Hii inatokea ubavuni, ndani ya tope.

Septemba 28

Nilimwambia Torgwa alete gari tarehe mbili asubuhi nilikague kwa mara ya mwisho kabla ya safari ya tarehe tatu. Akasema fundi amekuwa bikizee, kila siku anamtaka mgonjwa arudi. Lakini ataleta.

Septemba 30

Mvua. Sikupima presha.

Oktoba 1

Nimejaza kurasa kwa matone ya oili, na lile neno lenyewe sijaliandika. Ngoja niliandike, Taliko yuko kanisani.

Tarehe kumi na nne Septemba mwaka jana Imeda aliniletea ekseli hii imeshushwa, ina ufa wa urefu wa kidole pale bomba linapoingia kwenye tumbo la difu. Tumbo lile ni la chuma cha kumimina. Chuma cha kumimina hakichomelewi kibaridi. Hata mwanagenzi wa wiki moja anajua. Unakipasha kwanza mpaka mate yakidondokea yaruke, unachomelea kidogo kidogo, kisha unakizika chote ndani ya majivu, kipoe polepole, nusu siku au zaidi. Ukikipoza ghafla, kinajikunyata na kupasuka pembeni ya mshono, mahali ambapo jicho halioni.

Nilikipasha. Nilikichomelea. Nilikuwa nimeshika koleo kwenda kuchota majivu, ndipo mkuu wa meza, anayeongoza vikombe, akaniita juu ya ua. Jirani alikuwa anavuna, meza imejaa, na wamefika kwenye kikombe cha wafu. Kikombe kile hakinywewi mtu akiwa ameketi wala akiwa mbali. Anayesikia husimama na kwenda. Niliiacha ekseli juu ya mawe ya ua, chuma bado kina rangi ya cheri, mvua ya manyunyu ndiyo inaanza. Nikasema ni dakika moja.

Nilikunywa pembe nzima ya mvinyo kwa ajili ya baba yangu. Nikanywa ya pili kwa ajili ya wale wasio na wa kuwakumbuka. Nikiwa bado nimesimama nilisikia kutoka kwangu mlio mdogo, tik, kama mtu aliyevunja kokwa ya jozi. Nilijiambia ni jozi. Ni msimu wake.

Niliporudi ekseli ilikuwa imelowa na baridi. Niliifuta kwa kitambaa, nikaipaka rangi nyeusi. Imeda alikuja jioni.

"Unashika?"

"Unashika."

Wiki tatu baadaye alikuwa korongoni. Hakuna aliyeikagua ekseli. Ya nini? Kila mtu alishajua ni mvinyo.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Hawakusema lolote kuhusu fundi aliyeuziba vibaya akaupaka rangi.

Kesho nitaosha tope lile, wapende wasipende. Huenda hakuna kitu. Huenda ilikuwa jozi.

Oktoba 4, Shenako

Naandika mlimani, kwenye meza ya watu. Daftari nilikuwa nalo mfukoni.

Juzi, tarehe mbili, nilimsubiri Torgwa hadi saa tatu asubuhi. Hakuja. Nikampigia, simu haipatikani. Taliko alitoka kukamua ng'ombe akanikuta nimevaa koti.

"Baba Lela, unakwenda wapi? Torgwa kaondoka alfajiri. Nimemwona akipita na Makvala na mtoto na kondoo wawili. Wamesikia theluji itaanguka kesho, wakawahisha. Kakupungia mkono, ulikuwa umelala."

Ndoo ilikuwa bado imening'inia mkononi mwake nilipomweleza. Maneno kumi na tano hivi, sikuhitaji zaidi. Hakulia wala kunilaumu. Alikwenda jikoni akarudi na mkate na soksi nene, akasema, "Nenda."

Fundi siku zote ndiye mwenye gari bovu kuliko wateja wake. Niva yangu mlango mmoja unafungwa kwa kamba, na hita yake inaleta hewa ya kaburini. Niliipandisha njia ile kwa gia ya pili, ukuta wa mwamba kulia, kushoto hakuna kitu. Kila kona nilitazama chini kabla ya kutazama mbele. Mvua ikawa barafu ya chengachenga, ikawa theluji. Kwenye tope laini niliziona alama za yale matairi yao makubwa, na sikuzipenda: za nyuma hazikufuata za mbele. Zilikaa kando, shubiri moja kushoto. Kwenye kona ya kumi na mbili zilikuwa shubiri moja na nusu.

Nilifanya hesabu ya kipumbavu. Wana saa tatu mbele yangu. Wamebeba mzigo, watakwenda polepole. Watasimama kwenye kila jiwe la kumbukumbu, kwa kuwa hakuna dereva wa kwetu anayepita jiwe bila kumwaga japo tone. Mawe ni mengi. Kwa mara ya kwanza maishani niliwashukuru wote waliokufa kwenye njia ile.

Niliwakuta kwenye kona ya kumi na tisa. Uaz imesimama ukingoni, imeinamia kushoto, kondoo wanalalamika nyuma. Torgwa ana chupa mkononi. Makvala ameinama anaondoa theluji kwenye jiwe lenye picha ya Imeda. Mtoto, Tamta, anakula tufaha ndani ya gari.

"Mtoeni mtoto," nilisema. Sikusalimu.

Torgwa alianza kutania, kwamba fundi amekuja kudai jibini lililobaki. Makvala aliniangalia usoni mara moja, akaenda akamshusha mtoto.

Nililala chali kwenye theluji, nikajisogeza chini ya ekseli. Tope lilikuwa bado limeng'ang'ania pale pale na jani lake la nyasi, lakini lilikuwa limelowa oili na kugawanyika katikati, kwa mstari, kama mkate unaotaka kumegwa. Niliomba maji. Hawakuwa na maji, walikuwa na mvinyo. Torgwa alisema tulikubaliana isioshwe. Alisema akiwa ameshikilia mlango.

Makvala alimnyang'anya chupa. Ilikuwa ile ya kummwagia Imeda. Alipiga magoti kwenye theluji na gauni lake jeusi, akaumimina juu ya tope, taratibu, mpaka chupa ikaisha. Ulinitiririkia mkononi hadi kwenye kwapa. Tope likaachia.

Ulikuwepo, mshono wangu. Nyayo za kuku. Na kando yake, umbali wa kucha, ufa umelizunguka bomba zaidi ya nusu. Ndani ya ufa chuma kilikuwa na rangi mbili: sehemu kubwa ilikuwa nyeusi, ya zamani, imekula kutu. Sehemu ndogo ilikuwa inang'aa, ya wiki hii. Ile ya zamani ilikuwepo siku Imeda alipokata kona hii na chupa zake zote nyuma. Mzigo uliufungua ufa, gurudumu la nyuma likageuka kushoto bila ruhusa ya usukani.

Nilitoka chini, nikabaki nimepiga magoti, kwa sababu ya magoti yenyewe na kwa sababu nyingine.

"Shemeji," nilimwambia, "Imeda hakunywa. Siku ile ya kuchomelea, aliyekunywa ni mimi."

Nikamwambia yote, kikombe cha wafu, mvua, mlio wa jozi. Nilimwambia pia kwamba kwenye matanga nilitikisa kichwa. Torgwa aliniinua kwa kola ya koti. Nyuma yangu palikuwa na hatua mbili tu za ardhi, na sote wawili tulijua hivyo. Nilinusa jibini kwenye ndevu zake. Makvala hakumgusa. Alisema jina lake tu, kwa sauti ya kumwita mtu chakulani.

"Torgwa. Mwachie. Ninamhitaji mezani."

Aliniachia. Alikwenda akakaa kwenye jiwe la kaka yake, akafunika uso.

Makvala alisimama mbele yangu, theluji ikimjaa kichwani. "Mwaka mzima," alisema. "Mwaka mzima nimekuwa nikijiuliza kama kweli nilimjua." Alifungua kile kitambaa cheusi, akakung'uta theluji, akakifunga tena. Ulikuwa bado si wakati wake.

Uaz tuliiacha pale, mawe mbele na nyuma ya magurudumu. Mama na mtoto nikawapandisha kwa Niva. Torgwa alikataa kukaa nami, akafuata kwa miguu na kondoo wake wawili.

Oktoba 5

Karamu ilifanyika kwenye theluji. Mkuu wa meza alipofika kwenye kikombe cha Imeda, Makvala aliomba nafasi apewe fundi. Watu wakashangaa. Walinipa pembe iliyojaa. Niliishika bila kuinywa, nikayasema yale yale ya kwenye kona, nikiwa nimesimama, wale binamu zake wakiwa wamekaa mkabala nami. Hakuna aliyenikatiza.

Nilipomaliza nilimimina pembe yote chini. Binamu mkubwa aliinuka bila kunitazama, akaenda zizini, akarudi na farasi wake akiwa ametandikwa. Walikimbia saba. Walishindania jina la Imeda, na farasi wa mbele alifunikwa shuka la marehemu.

Farasi wake yeye mwenyewe, ile ekseli, alifika nusu ya njia. Kona ya kumi na tisa, kama bwana wake.

Oktoba 7

Torgwa ametelemka na dereva mwingine. Mimi nimetelemka peke yangu.

Oktoba 12

150 kwa 95. Njia imefungwa. Uaz itabaki pale hadi Mei.

Oktoba 16

Hakuna kazi. Magari yanapita mbele ya gereji, madereva wananipungia mkono, wanakwenda kwa fundi wa kijiji cha pili, ambaye ana mshono mzuri sana.

Oktoba 20

Hakuna kazi. Nimefagia. Nilikuta lile doa la oili, nikaliacha.

Oktoba 23

Makvala alipita na Tamta, kichwa wazi. Ana mvi ambazo sikuwa nazijua. Hakusimama. Mtoto alimsalimu mbwa.

Oktoba 27

145 kwa 90. Asubuhi mbwa alinyamaza. Nilifikiri ni Makvala. Alikuwa Torgwa. Karibu nisimtambue: amenyoa. Kidevu chake kina kishimo, kama cha Imeda. Mwaka mzima kilikuwa kimefichwa.

Kwa mkono mmoja alibeba bega la jembe la trekta, chuma cha kumimina, limepasuka. Kwa mkono wa pili alibeba ndoo. Ndani ya ndoo kulikuwa na majivu, yamechujwa, laini kama unga. Alivitua vyote miguuni pangu bila salamu.

Nikawasha moto. Nilikipasha chuma mpaka mate yaliruka. Nikachomelea kidogo, nikangoja, nikachomelea kidogo. Nyayo za kuku, zile zile, hilo halina dawa. Kisha nikakizika kwenye majivu chote, hata ncha isionekane.

Torgwa alivuta lile gogo la mwaloni, akaketi karibu na ndoo.

"Nitakaa hapa mpaka kipoe," alisema.

Nikavuta la pili, nikaketi upande wangu. Taliko alituita mezani mara mbili, mara ya pili kwa ukali. Jirani naye alikuwa na wageni, na juu ya ua nikasikia mkuu wa meza anawaita watu wasimame, wamefika kwenye kikombe cha wafu. Torgwa alinitazama. Nilitazama majivu.

Hatukuinuka.